Kimya Alichokiomba Mama Emerensiana

Mama Emerensiana Ngonyani aliniita kwa sababu jiko lake lilikuwa limeanza kunong'ona.

Ni jiko la umeme la kawaida, la bure, kama yalivyo majiko mengi siku hizi: kampuni inakupa jiko, wewe unalipa kwa masikio. Lakini mimi nilishalifunga mdomo jiko lile tangu mwaka uliopita, na kwa fundi wa vichujio vya matangazo hakuna aibu kubwa kama kuitwa tena kwenye nyumba aliyokwisha kuisafisha. Nilifika saa tatu asubuhi na mkoba wangu, nikampa shikamoo yake, nikapiga magoti mbele ya jiko. Ilikuwa kama nilivyodhani. Jiko lilikuwa limepokea toleo jipya la programu, na toleo hilo lilikuwa limejifunza kuikwepa ruta ya nyumbani na kuomba mtandao kwenye jiko la jirani. Kila mama alipoinjika sufuria, sauti ya mtoto mwenye adabu ilimshauri abadili mafuta.

"Linaniita bibi," alisema. "Mimi sina mjukuu, na hata ningekuwa naye asingenifundisha kukaanga."

Alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Songea kwa miaka thelathini na sita, na bado huongea kama anayesubiri uandike. Ni mjane, hakujaliwa mtoto, na nyumba anaiendesha kwa ratiba. Nilipoinuka kunawa mikono ndipo nikaona kitambaa cheusi alichojifunga kichwani. Nikampa pole, nikauliza ni nani aliyeondoka. Akaniambia ni mdogo wake, Odilo, mkulima wa kahawa kule Mbinga, ndugu pekee aliyekuwa amembakia. Alikuwa amezikwa siku ishirini na nane zilizopita, na yeye hakuwepo.

"Hawakuniambia," alisema.

Habari alizipata sokoni, siku tisa baada ya mazishi, kwa mwanamke anayeuza vitunguu aliyempa pole akidhani anajua. Alisimama pale na fungu la vitunguu mkononi mpaka yule mwanamke akamletea kigoda. Aliyemlaumu ni wifi yake, Gaudensia, mke wa marehemu. Wawili hao hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Emerensiana alikuwa ameipinga ndoa ile tangu posa, na hakuna kati yao aliyesahau. Sasa alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga Mbinga siku ya arobaini.

Hilo si jambo dogo. Katika ukoo wao dada mkubwa ndiye anayefungua sanduku la marehemu na kugawa nguo zake, na ndiye anayemvua mjane kitambaa cha msiba. Asipokwenda, nguo zitakaa sandukuni, na Gaudensia atakaa na kitambaa chake mpaka hapo wifi yake atakapopenda. Na kwa jinsi alivyokuwa akiongea, sikuona dalili ya kupenda.

Nilikuwa namsikiliza huku nimeshika kishikwambi changu, nimefungua daftari la kichujio chake, ile orodha ya kila kitu kilichokataliwa mlangoni. Nilikuwa natafuta mafuta ya kupikia. Macho yangu yakaenda kwenye tarehe. Siku thelathini zilizopita, saa nne na dakika kumi asubuhi: ujumbe wa sauti, umelipiwa, umekataliwa. Mtumaji alikuwa kituo cha matangazo cha Mbinga.

Sikuufungua pale. Nilifunga kishikwambi, nikamwambia jiko limepona, nikakataa chai. Niliona haya hata kumtazama.

*

Watu hudhani kuzuia matangazo ya biashara ni kubonyeza kitufe kimoja. Laiti ingekuwa hivyo ningekuwa nalala mchana.

Kompyuta ndiyo rahisi. Unachagua kivinjari kinachokubali kuwekewa kiongezi, unakiweka, na hicho kiongezi kinausoma ukurasa kabla yako na kunyofoa takataka. Simu ina ubishi zaidi, kwa sababu kivinjari kilichozaliwa nayo mara nyingi ni mali ya huyo huyo muuza matangazo, na hawezi kukupa kisu ukamchinje nacho. Inabidi umbadilishie mtu kivinjari, kisha umfundishe upya pa kubonyeza, na akikosea mara mbili anarudi kwenye kile cha zamani. Runinga haikubali kuwekewa chochote. Hiyo unaibania kwenye ruta, usiiruhusu ifike kwenye seva zinazoiletea matangazo. Miwani, inayokuchorea matangazo mbele ya macho, inataka kichujio cha picha. Na kipokezi cha sikioni, ambacho wazee wetu wengi wanapewa bure masikio yakianza kuchoka, ndicho kibaya kuliko vyote. Kinasemea ndani ya kichwa chako. Huwezi hata kukipa mgongo.

Fundi mwaminifu humkalisha mteja chini akamwuliza kifaa kwa kifaa, hiki unakitumia kwa nini, kile ungependa kikuambie nini. Ni kazi ya siku nzima na inachosha. Mama Emerensiana alikuwa na vifaa saba vya kampuni tano. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza, sikio lake lilikuwa likimuuzia dawa ya magoti tangu anapoamka, na lilibakiza kidogo limshawishi aweke shamba rehani. Nilimwuliza swali moja tu, anataka nini. Akanijibu, "Kimya, mwanangu. Nataka kimya."

Basi nikampa kimya. Badala ya vichujio saba nilimwekea kisanduku kimoja mlangoni pa mtandao wake, chenye amri moja. Sheria inataka kila kitu ambacho mtu amelipia ili kikufikie kibebe alama ya malipo. Kisanduku kikiiona alama, kinakataa. Hakisikilizi yaliyomo wala hakijali kifaa ni cha nani.

Siku zile niliacha tundu moja. Habari za misiba nazo hulipiwa, kwa hiyo nazo hubeba alama. Na siku hizi nani anapiga simu nyumba kwa nyumba? Mfiwa anakwenda kituoni, anataja majina, analipa, na habari inawafikia ndugu wote popote walipo, kwa wengine sikioni, kwa wengine kwenye runinga ya ukutani. Hizo niliziruhusu zipite. Kisha kampuni moja ya majeneza ikaligundua tundu langu. Wakaanza kutuma ujumbe unaoanza kama msiba, sauti nzito, "habari ziwafikie", halafu katikati unasikia ubora wa mbao za mninga. Mteja wangu mmoja, mzee mwenye presha, alianguka jikoni akidhani ametajiwa mwanawe. Nilikasirika. Mchana ule ule niliziba tundu katika nyumba zote sitini na tatu ninazozihudumia.

Sikumwambia mtu. Niliona nimewatendea wema, na ni nani anayeombwa ruhusa ya kutendewa wema? Ndivyo nilivyofikiri, na wala sikufikiri sana.

*

Ujumbe nilikuja kuufungua karakanani, mbele ya Oswin. Oswin Gama ni mshirika wangu. Mimi nazunguka majumbani, yeye anaandika programu. Tulisikiliza wote wawili tumesimama.

"Bi Gaudensia Kapinga wa Mbinga anasikitika kutangaza kifo cha mume wake mpendwa, Odilo Ngonyani, kilichotokea leo alfajiri. Mazishi ni kesho kutwa. Habari ziwafikie, kwanza kabisa, dada yake mkubwa, mwalimu Emerensiana Ngonyani wa Songea, ambaye anasubiriwa kabla ya maziko." Ndipo yakafuata majina ya mabinti wa marehemu, na wajomba, na wengine wengi.

Kwanza kabisa. Mwanamke aliyelaumiwa kwa kumficha wifi yake alikuwa amemtaja kabla ya watoto wake wa kuwazaa.

Nikamwomba Oswin afungue madaftari ya nyumba nyingine zote, tangu siku niliyoziba tundu. Ilimchukua muda mfupi. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimenyimwa habari ya msiba, pamoja na ya Mama Emerensiana. Bila shaka wengi walizipata kwa majirani au kwa simu. Ni wangapi hawakuzipata, daftari halikuweza kuniambia.

Oswin hakuwa na roho mbaya, na ninataka hilo lieleweke. Aliniambia kwamba madaftari hujifuta yenyewe baada ya siku sitini na kwamba hakuna atakayeuliza. Tulizibue tundu kimyakimya, tuendelee na kazi.

"Ukisema," aliniambia, "mpaka Jumapili mji mzima utakuwa umeng'oa visanduku. Muuza dawa za magoti atarudi kwenye sikio la kila bibi, na safari hii shamba la mtu litakwenda kweli. Wewe utakuwa umetua mzigo wako, Kandida. Watakaoubeba ni wao."

Alikuwa anasema kweli. Nilizunguka siku tatu na maneno yake, nikitengeneza runinga za watu na kusahau bisibisi kila nilipokwenda. Nilijaribu kujiambia kwamba marehemu keshazikwa na hakuna ungamo litakalomfikisha dada yake mazishini kwa wakati. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuniacha. Mama Emerensiana alikuwa anamchukia mtu kwa kosa langu mimi, na huyo mtu alikuwa ndani ya nyumba yake Mbinga, na kitambaa kichwani, akiamini kwamba wifi yake alimpuuza mdogo wake hata katika kufa. Walikuwa wanachukiana juu ya alama ya malipo. Siku ya nne nikaenda.

*

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nilimweleza yote, sikupunguza. Nilianza na kampuni ya majeneza, nikaona najitafutia utetezi, nikaiacha, nikaanza upya na mkono wangu mwenyewe ulioziba tundu. Kisha nikauachia ujumbe sikioni mwake.

Alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya mtangazaji. Ungo ulibaki mapajani, mkono mmoja ndani ya mchele.

"Walinisubiri," alisema.

Nikasema ndiyo, walimsubiri.

"Nani alikuruhusu?"

Nikamwambia alitaka kimya mwenyewe. Nilijua ni jibu baya hata kabla halijatoka lote.

"Nilitaka kimya," alisema. "Sikukuomba unichagulie wa kumzika."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilitokwa na machozi pale pale barazani kwake, mtu mzima mwenye mkoba wa kazi, naye akaniacha nilie bila kuniambia nyamaza. Alikuwa na haki hiyo. Baadaye akaurudia mchele wake, akatoa mawe mawili, akaniambia tutakwenda Mbinga Jumamosi, kabla ya arobaini, mimi na yeye. Maneno nitayasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wifi yake, kwa sababu akiyasema yeye itaonekana amejitungia.

Kabla ya Jumamosi nilipita zile nyumba kumi nyingine. Kwenye nyumba nane walikuwa wamezipata habari zao kwa njia nyingine. Wawili kati yao hata walicheka, wakanipa soda. Kwenye ya tisa walikuwa wamezipata zikiwa zimechelewa, na hawakunikaribisha ndani. Nyumba ya kumi ni ya fundi cherehani mmoja aliyekuwa amepoteza rafiki wa ujana wake huko Tunduru, wiki saba nyuma, na alikuwa hajui. Alijua pale nilipomwambia. Alizima cherehani, akaniuliza kama alizikwa vizuri. Wanne kati ya wote walinitaka ning'oe visanduku vyao, nikaving'oa. Oswin hakuniambia "nilikuambia", na kwa hilo namshukuru.

*

Nyumba ya Gaudensia iko juu, kahawa imeizunguka pande tatu. Alitoka mlangoni akamwona wifi yake akishuka kwenye gari, akabaki ameshika fremu. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na kitambaa kile kilikuwa kimempauka kichwani kwa jua. Walisalimiana kwa salamu fupi za watu wasiotaka kudaiwa adabu. Tuliingia, tukakaa. Emerensiana akanitazama mimi.

Nikasema. Nilisema yote niliyoyasema barazani, na nikamsikilizisha ujumbe wake mwenyewe, pamoja na saa uliyokataliwa. Muda wote Gaudensia hakunitazama. Alikuwa anamtazama Emerensiana.

"Tulichelewesha jeneza mpaka saa kumi na moja," alisema nilipomaliza. "Mvua ilikuwa inakuja, padri anatazama saa. Nikasema tusubiri, mwalimu anakuja, yule hajawahi kuchelewa mahali."

Emerensiana alijifunika uso kwa khanga. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Kisha Gaudensia akahama kwenye kiti chake, akaenda kukaa mkekani karibu naye.

"Na mimi namba yako ninayo, wifi," alisema. "Ninayo miaka yote. Nililipia kituo nikaona nimemaliza. Hukuja, nikakuhukumu kabla sijakupigia."

"Mimi nilikuhukumu tangu posa," alisema Emerensiana, bado ndani ya khanga.

Hapo ukuta ukaingilia. Runinga ya Gaudensia, ambayo hakuna aliyeigusa, iliwaka yenyewe, na sauti laini ya mwanamume ikampa pole mama mjane na kumweleza kwamba hayuko peke yake, upo mkopo wa wajane usio na masharti. Gaudensia akaizima kwa namna ya mtu aliyekwisha kuizima mara mia. Akatueleza kwamba ni tangu siku aliyotangaza msiba. Kituo kilipopokea habari yake, wafanyabiashara wote nao waliipokea. Sikio linamtafutia mchumba. Simu inamuuzia mawe ya makaburi. Hata jiko linamuuliza kwa nini siku hizi anapika kidogo.

"Fundi," aliniambia, "kama una hicho kisanduku, nifungie yote. Yote kabisa. Nataka nikae kimya na msiba wangu."

Mkono wangu ulikuwa umeshafungua mkoba. Nakiri hilo. Kisanduku nilikuwa nacho, ingekuwa kazi ya dakika tano, na hakuna mtu niliyewahi kutaka kumpa kimya kama nilivyotaka kumpa yule mama. Niliutoa mkono mkobani, nikauweka gotini.

"Nikifunga yote," nilimwambia, "msiba wa mtu wako nao hautapita. Nikiacha tundu, wauza majeneza watapita humo humo. Au niwe nasikiliza mimi kwanza kila kinacholetwa na kituo, nikupe kile cha kweli, lakini hapo mambo yako yote yatakuwa yanapita masikioni mwangu. Ninaweza pia kuruhusu majina utakayonitajia na mengine yote yakaishia nje, na hapo uliyemsahau hutamsikia. Hakuna njia isiyo na kasoro, mama, na mimi siwezi kukuchagulia. Tuanze na sikio. Ungependa habari za nani zikufikie?"

Gaudensia alifikiri. Kisha akamwonyesha wifi yake kwa kidevu.

"Za huyu," alisema. "Huyu akifa nataka nisikie, hata kama wauza majeneza wote watapita nyuma yake."

Emerensiana alishusha khanga usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ya darasani.

"Usiharibu tundu kwa ajili yangu," alisema. "Siku hiyo nitakupigia mwenyewe."

Gaudensia alimtazama kidogo, kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka mwezi mzima na ameshasahau pa kukishikia. Emerensiana naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka wakaegemeana, na kucheka kukageuka kulia bila hata kubadilisha mkao, na mikono ya mmoja ilikuwa inampapasa mwenzake mgongoni. Mimi nilikaa na kishikwambi changu, nikingoja.

Walipotulia nikaandika jina la Emerensiana kwenye mstari wa kwanza. Nikauliza ni nani mwingine. Gaudensia akaanza kutaja, mabinti zake, kaka yake wa Nyasa, mwanamke mmoja waliyechuma naye kahawa wakiwa wasichana, jina moja baada ya jingine, na Emerensiana, aliyemjua kwa miaka thelathini bila kumpenda, akawa anamkumbusha wale aliowasahau.